Mlango Usigongwe

Mwaka ule Warundi walipovuka mpaka wakikimbia vita, Veneranda alifika kwangu Ujiji na kichanga cha kike mgongoni. Nikampa chumba cha uani. Mtoto alilia njaa kutwa nzima, kwani maziwa ya mama yake yalitoka kidogo, kisha yakakatika ghafla.

Mimi Mwasiti si mtu wa kukaa kimya. Nikampikia supu ya samaki wa migebuka, nikamkorogea uji wa pilipili manga, nikamletea hata kombe, maji yaliyooshea aya, kutoka kwa shehe. Alikunywa vyote, lakini kifua hakikubadilika, na mtoto akazidi kukonda mpaka nikaogopa kumshika.

Nikampeleka zahanati moja kule Gungu. Nesi Jovita, aliyehamishiwa kutoka Bukoba, hakuuliza anakula nini. Aliuliza, "Mama, maziwa yanakatika wakati gani?"

Veneranda akainamisha kichwa. "Mlango ukigongwa." Waliomuua mumewe walianza kwa kugonga.

"Maziwa unayo," Jovita akamwambia. "Mwili ndio bado unakimbia. Tuusaidie ujue kwamba umefika."

Nikarudi nyumbani nimewaka. Nikatangaza mtaa mzima: atakayegonga mlango wangu atanitambua! Mgeni aite kwa kutaja jina lake mwenyewe akiwa bado njiani, kisha aseme "Humura", neno la kwao la kumtoa mtu hofu. Majirani walinicheka, lakini waliita.

Jioni Veneranda alikaa nasi tukichambua dagaa, nyayo zote mbili sakafuni, akivuta pumzi taratibu kama nesi alivyomfundisha. Siku nyingine alitulia. Siku nyingine alilia tu, nasi tukaendelea kuchambua naye. Mtoto akaanza kuota mashavu.

Asubuhi moja Dismasi, muuza mawese aliyekuwa safarini Kasulu na hakujua lolote, akaja akaubamiza mlango kwa ngumi. Nikanyakua mwiko nikamkomeshe. Veneranda alikuwa akinyonyesha. Mabega yakampanda, uso ukamkakamaa, nami nikajua tumerudi tulikotoka.

Lakini akakanyaga sakafu. Akavuta pumzi, akavuta tena. Mtoto hakuachia ziwa, na maziwa yalimchuruzika hadi kidevuni.

"Wewe, subiri huko!" Veneranda akapaza sauti. "Mtoto ananyonya!"

Nikaketi chini nikalia kwa furaha, mwiko mkononi. Nje, Dismasi alisubiri.