Hafai

Mwaka 1973, katika mitaa ya Kisumu ambako watu walikohoa, Waliaula alijulikana kwa jina moja tu: Bwana Kifua. Akiegesha baiskeli yake mbele ya mlango, majirani walijua nyumba hiyo ina mgonjwa, na wenye midomo mirefu walianza kumzika mtu wa watu kabla baiskeli haijasimama sawasawa. Si kwamba Waliaula alikuwa mkosi. Alikuwa dresa, msaidizi wa hospitali wa kufunga vidonda, wa siku nyingi, Mbukusu wa Bungoma, mwenye koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi na majivuno yasiyozidi kipimo, na hospitali ya kifua ilikuwa imempa kazi ya kutafuta wagonjwa wa kujaribiwa dawa mpya.

Neno lenyewe, kujaribiwa, lilimpa taabu. Watu wa kanisa waliposikia majaribu walimkumbuka Shetani, na mama mmoja wa Kibuye alimfukuza kwa mwiko. Basi Waliaula akajifunza kulikwepa. Akawa anasema tu: dawa mpya, miezi sita, si mwaka na nusu kama ile ya zamani. Hapo watu walisikiliza. Nani asiyetaka kupona upesi?

Masharti aliyapata kwa Daktari Nalini, mwanamke mwembamba aliyezaliwa hapo hapo Kisumu, akasomea ng'ambo, akarudi na miwani mizito na haraka isiyoisha. Alimpa fomu, akamwambia akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje:

"Nataka wale hawajatibiwa kabisa, Bwana Waliaula. Mtu amechomwa sindano ya TB mbele, hata wiki moja, huyo hafai. Usiniletee."

Akaenda zake. Waliaula akalibeba neno hilo jinsi lilivyotoka, hakuuliza mbele wala nyuma. Mtu mwenye koti jeupe haulizi maswali. Ndivyo alivyoamini, na ndiyo iliyokuwa kasoro yake.

Fomu zilikuwa mia moja na ishirini. Zilipobaki tatu, mwezi wa Aprili, alielekezwa Manyatta, nyumbani kwa Mama Nabututu, mjane aliyeuza ndizi katika soko la Kibuye. Alikuwa na wana mapacha wa miaka ishirini na mitatu, Mukhwana na Mulongo. Wote wawili walikuwa wakikata miwa Muhoroni hadi kikohozi kilipowarudisha kwa mama yao, mmoja baada ya mwingine. Aliwakuta wamekaa kwenye benchi moja ukutani, wamefanana hadi namna ya kushika kifua.

"Mulembe, mama," alisema Waliaula, na mama akafurahi kusikia salamu ya nyumbani. Akamletea kiti, akamletea chai. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka Waliaula alipouliza nani amewahi kutibiwa.

"Mukhwana, hapana," alisema mama. "Mulongo ndiye alichomwa sindano kule Muhoroni, miezi miwili hivi. Alipopata nguvu akarudi kwa miwa. Sasa imemrudia tena mbaya zaidi."

Waliaula akafunika kalamu yake. "Basi namchukua Mukhwana. Huyu mwingine hafai."

"Hafai aje?"

"Alishachomwa sindano. Daktari amekataa kabisa."

Mama Nabututu aliweka kikombe chini. "Baba, wewe ni mtu wetu. Hawa ni mapacha. Nitampeleka mmoja hospitali na mwingine nimwache hapa kwa ukuta?"

Waliaula alijua vizuri anachoambiwa. Kwao, pacha ukimnunulia mmoja shati, umenunua mawili. Ukimchapa mmoja, mwenzake naye apate kofi lake, japo la kumgusa tu. Anayempendelea mmoja anamwita mwingine kaburini. Nyanyake mwenyewe alizaa mapacha, na hadi alipozeeka alimenya viazi viwili viwili. Hakuna aliyehitaji kumfundisha Waliaula mambo hayo.

"Hakuna njia ingine ya huyu?" mama aliuliza. "Si umuulize huyo daktari? Muulize tu."

"Hakuna, mama," alisema Waliaula.

Alisema upesi, kwa sababu alimwona mama anaanza kumvuta Mukhwana mkono, na alijua akiondoka hapo na ahadi ya kuuliza, ataondoka bila mgonjwa.  Mulongo aliinuka, akaingia ndani, akavuta pazia. Mtu akiambiwa na hospitali kubwa kwamba hafai, ataenda tena zahanati gani? Tangu siku hiyo hakukanyaga mlango wowote wa dawa.

Kwenye fomu palikuwa na swali: Je, kuna mtu mwingine nyumbani anayekohoa? Ukijibu ndiyo, daktari mwenyewe huja kuona, na mambo hukwama wiki mbili tatu. Waliaula aliandika: Hakuna. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Shingo upande, mama alimwachia Mukhwana, akalazwa miezi miwili. Dawa ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Homa iliisha, mashavu yakajaa, na makohozi yake yakachunguzwa yakaonekana safi. Akaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya miezi minne, vyekundu kama damu ya ng'ombe, kila siku asubuhi kabla ya kula. Vidonge hivyo vilikuwa na umbea wao: aliyevimeza alikojoa mkojo mwekundu. Ndiyo maana Waliaula alipewa chupa ndogo, awe anawatokea wagonjwa bila taarifa. Mkojo mwekundu, mtu amemeza. Mkojo mweupe, mtu amedanganya.

Mara ya kwanza alipofika Manyatta, Mukhwana alichukua chupa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi nayo ikiwa nyekundu. Mara ya pili, vivyo hivyo. Lakini mara ya tatu Waliaula alimtazama usoni asiridhike. Mashavu yalikuwa yamerudi ndani, na kikohozi kile alikifahamu. Mukhwana alipokwenda nyuma ya nyumba, Waliaula alimfuata polepole.

Mukhwana alikuwa amesimama kando, mikono mitupu. Chupa ilikuwa kwa Mulongo.

 Mulongo alimaliza, akafunika chupa, akampa ndugu yake, na ndugu yake akamnyooshea Waliaula bila kujificha, kwani kulikuwa na nini tena cha kuficha?

"Leo ni siku ya Mulongo," alisema Mukhwana. "Kesho ni yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nitoke hospitali."

"Mnajua mnafanya nini nyinyi? Hii dawa si ugali! Ukiigawa haiui ugonjwa, inaufundisha kupigana! Mtakufa wote wawili!"

Mukhwana alikohoa kwanza, akajibu baadaye, tena kwa upole. "Bwana Kifua, wewe ulitaka mimi nimeze kila asubuhi na huyu akiniangalia?"

 Mama Nabututu alitokea na kapu lake la ndizi kichwani, akawaona watatu wamesimama na chupa, akaelewa. Hakuomba msamaha. "Ulisema hakuna njia ingine," alisema. "Sisi tukatafuta."

Njiani kurudi, Waliaula alikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Atamwambia daktari. Lakini alipoiona hospitali akaikumbuka fomu, na lile neno lake Hakuna lililoandikwa vizuri na sahihi yake chini. Akisema kuhusu mapacha, ataulizwa pacha wa pili alitoka wapi. Atavuliwa koti. Na Mukhwana je? Si atafukuzwa kwenye dawa, apoteze hata hiyo nusu? Sababu hii ya pili aliipenda sana kwa kuwa ilimfanya aonekane mtu wa huruma, hata machoni pake mwenyewe.

Basi akafungua kitabu cha ziara na kuandika: Mkojo, mwekundu. Ilikuwa kweli. Hakuandika ulikuwa wa nani.

Wiki tatu alinyamaza. Mara mbili alipita Manyatta, akawasihi: Mukhwana ameze peke yake. Mara zote mbili walimkubalia kwa adabu, kama watu wanavyomkubalia mhubiri, na mara zote mbili alijua wanamdanganya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo kitamuumbua kwa kumchukua mtu mwingine.

Siku ya makohozi ya mwezi wa tano ikafika. Daktari Nalini alimwita ofisini, karatasi mbili mbele yake, miwani mkononi. Haraka yake yote ilikuwa imemwishia.

"Huyu Mukhwana vijidudu vimerudi, tena vingi. Maabara inasema dawa yetu haivigusi tena. Lakini kitabu chako kinasema mkojo mwekundu kila mara. Yaani amemeza dawa kila siku na dawa imeshindwa. Wa kwanza kushindwa. Naandika hivyo, sindio?"

Alichukua kalamu. Waliaula akaitazama ncha yake ikishuka kwenye karatasi. Wagonjwa mia moja na kumi na tisa walikuwa wakipona, na dawa ilikuwa inasingiziwa kosa lake yeye. Njia ya mwongo ni fupi; yake iliishia pale mezani.

"Usiandike, daktari."

Akasema yote. Alitaja benchi, sindano za Muhoroni, fomu, chupa. Alitaja wiki tatu za kunyamaza. Alipofika mwisho aliona aibu kiasi cha kutaka kuondoka na kuliacha koti limesimama pale peke yake. Daktari Nalini hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi.

"Kwa nini hukumleta huyo Mulongo?"

"Ulisema hafai, daktari. Ulisema nisikuletee."

"Hafai kwa utafiti!" Sauti yake ilipasuka. "Kwa utafiti, Waliaula! Nani alisema hafai kutibiwa? Ile wodi namba nne ni ya nani?"

Waliaula alipita kando ya wodi namba nne kila siku ya kazi. Aliwaona watu wamelala humo, akadhani ni wagonjwa wa zamani wanaongojea siku zao.

"Wodi nne ni ya wale walitibiwa mbele na ugonjwa ukarudi," alisema daktari. "Iko na dawa yao tofauti. Vitanda viwili havina mtu tangu Machi."

Landrova ya hospitali ilikwenda Manyatta siku hiyo hiyo, ikawaleta wote wawili, mama akiwa katikati amewashika. Waliwekwa wodi namba nne, kitanda kando ya kitanda. Mulongo alikuwa hana nyama tena. Muuguzi alipotaka kumchoma sindano alitafuta mahali pa kuchoma, akatafuta tena. Siku ya kwanza Mulongo alimuuliza Waliaula, kwa sauti ya mtu anayenong'ona kanisani, kama ni kweli hii dawa ni yake mwenyewe, si ya kugawa. Waliaula akamwambia ni yake. Akatabasamu, akameza na vidonge vyake.

Alifariki siku ya nne, saa za chakula cha mchana.

Mukhwana alibaki. Vidonge vyekundu havikuwa na faida kwake tena, na zile sindano za wodi nne zingechukua mwaka mzima kujua kama zitamfaa. Daktari hakuficha. Alisema huenda, akasema tena huenda, na mama hakumuuliza huenda hiyo ni kubwa kiasi gani.

Walipokwisha kumzika Mulongo kwao Bungoma, Mama Nabututu alirudi Kisumu na kukaa barazani mwa wodi, juu ya mkeka wake, mgongo ukutani. Soko la Kibuye alikuwa ameliacha. Waliaula alikuwa ameondolewa kwenye utafiti, akarudishwa kuosha vidonda, na hakuna aliyemwita tena Bwana Kifua. Siku tano alizunguka kwa mlango wa nyuma ili asimwone yule mama. Siku ya sita alijipiga moyo konde, akaenda, akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Mama," alisema, "nimekuja kukuambia mwenyewe. Dawa ya Mulongo ilikuwa hapa. Kitanda kilikuwa hapa, tangu ile siku ya kwanza."

Mama Nabututu alikuwa akimenya ndizi ya Mukhwana. Hakuacha kumenya.

"Ulijua?"

"Haki ya Mungu, mama, sikujua. Hakuna mtu aliniambia, na mimi sikuuliza."

Alingoja. Alitaka atukanwe, alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na angelipokea kama mwenye kiu anavyopokea maji. Mama alimaliza kuimenya ndizi, akaiweka kwenye sahani, ndipo akamtazama usoni.

"Hukuuliza," alisema. "Mimi nilikuuliza wewe."

Ndani ya wodi Mukhwana alianza kukohoa. Mama akachukua sahani, akainuka, akaingia kwa mwanawe.