Glavu Humeza Dhahabu

Madam Serafina alikuwa na ulimi, hilo Nyarugusu nzima ilijua. Alitoka kwao Ushirombo na cheti cha ushonaji, akapewa darasa la amali pale sekondari: wanafunzi thelathini na wawili, cherehani nne, na moja kati ya hizo imekufa. Muda wa kubembeleza mtu angeutoa wapi? Mwisho wa mwezi wangebaki kumi tu kwenye ushonaji, wengine wahamie kilimo.

Mbuke alitaka kubaki. Alitaka kuliko wote, na ndiye aliyeshona vibaya kuliko wote. Mshono wake ulipinda, na kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kulimchukua nusu ya kipindi. Mara ngapi Serafina alimfumulisha! Kwenye daftari la alama akamwandikia kwa kalamu nyekundu: mikono mizembe. Mtoto aliinama tu, akaanza upya. Kuuliza si ujinga, lakini madam wetu hakuuliza.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kueleza hatua za kazi inayofanyika nyumbani kwao. Mwigulu alieleza kukamua ng'ombe mkorofi, darasa likacheka mpaka machozi. Ikaja zamu ya Mbuke. Alisimama na leso, karai na donge la unga uliokandwa.

"Tuseme hii ni zebaki na mchanga wa dhahabu," alianza. "Unakanda hivi mpaka dhahabu ishikane. Unaminya kwenye leso. Kinachobaki unakichoma kwenye kikaango; zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki."

Sauti yake siku hiyo haikuwa na woga. Alijua kazi yake, jamani, kila hatua.

"Na glavu unavaa wakati gani?" Serafina aliuliza.

Darasa zima likaangua kicheko. "Madam! Glavu zinameza dhahabu!"

"Nani kasema?"

"Mama," Mbuke alijibu. "Kule mwaloni tunakooshea mchanga kila mtu anajua. Mimi nakanda kwa mikono tangu darasa la tatu. Mikono ya mama haishiki vizuri tena."

Leso ilikuwa inacheza kwenye vidole vyake, na hakukuwa na baridi. Serafina akaitazama ile mikono kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, aibu ikampanda mpaka masikioni.

Jioni alikwenda nyumbani kwa kina Mbuke. Mama Mbuke alimpokea vizuri, akamletea chai mwenyewe, na nusu yake ikamwagikia njiani.

"Uzee huo, mwalimu," alicheka.

"Uzee gani, mama, na hujafika arobaini?"

Serafina akamweleza taratibu, bila ule ukali wake. Zebaki ni sumu, na moshi wake ndio mbaya zaidi. Ndiyo inayowatetemesha, yeye na mtoto. Glavu hazimezi kitu. Waende hospitali wote wawili wakapimwe, na Mbuke asiiguse tena.

"Asipokanda yeye, nani atakanda? Wewe?"

Ulimi wote ule wa Serafina ukakauka.

Mama Mbuke akachungulia nje. Uani binti yake alikuwa ameinamia karai, safari hii la kazi kweli. Mama akanyanyuka, akaenda kumpokonya, akalisukuma chini ya mti.

"Mikono yangu imekwisha," alisema, akimwonyesha Serafina viganja vyake. Kisha akashika vya mwanawe. "Ya huyu bado haijaisha. Cherehani yako itaikubali?"

"Itaikubali," Serafina alisema, na moyoni hakuwa na uhakika hata chembe.

Asubuhi alifungua daftari la alama afute yale maneno mawili. Wino ule haukutoka. Alisugua mpaka karatasi ikatoboka. Akaandika pembeni ya tundu: Mbuke, anabaki.