Neno la Kushika

Jumapili alasiri, baada ya ibada, watu wanne walikuwa wamezunguka stuli katika chumba cha Simiyu na mkewe Muhonja, orofa ya pili ya ploti moja ya vyumba vya kupanga mtaani Huruma. Juu ya stuli palikuwa na vinyago vinne vidogo, dadu ya mpingo yenye nyuso ishirini, na kitabu kisicho na jalada kilichotoka kwenye soko la mitumba la Gikomba. Nyamai, jirani wa chini, ndiye aliyekinunua kitabu. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa uchongaji, vinyago na dadu alivichonga mwenyewe. Kitabu kilieleza mchezo: kila mtu anajifanya mhusika, wanasafiri pamoja katika nchi isiyokuwako, na dadu huamua nani ameshinda na nani ameshindwa. Nje, mvua ya El Nino ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake mwaka huo.

Muhonja alikuwa akipakia biskuti kiwandani hadi wafanyakazi walipopunguzwa. Mchezoni alikuwa mchawi. Phelister, muuza omena wa mlango wa pili, hakutaka kusikia habari za uchawi akiwa bado amevaa sare ya kanisa, kwa hiyo walikubaliana kuuita "maneno". Taabu ilikuwa kuelewa kanuni zake. Ukurasa ule mmoja walikuwa wameubishania Jumapili nyingi.

"Kuna neno la mara moja na neno la kushika," Nyamai alieleza tena. "La mara moja ukishalitamka limefanya kazi, limeisha. La kushika linakaa maadamu akili yako iko juu yake. Ukishika la pili, la kwanza linaanguka."

"Na nikipigwa?" Muhonja aliuliza.

"Unatupa dadu. Ikitoa kumi au zaidi, bado umeshika."

"Na nikilala?"

Nyamai alipekua kurasa. Mhusika wa Muhonja alikuwa wa kabila la msituni, na kitabu kilisema watu hao hawalali. Hupumzika macho wazi.

"Wewe hulali," alisema.

Ilikuwa zamu ya Muhonja nguzo ya chini ilipopasuka. Ufa ulipanda ukutani kutoka sakafuni hadi darini, sakafu ikainama, vinyago vikateleza hadi ukingoni mwa stuli. Muhonja alikuwa ameshainua mkono kwa ajili ya mchezo. Akatamka neno la kuzuia. Nyumba ikasimama pale ilipofika, imeegemea kidogo upande wa mto, na vumbi la plasta likabaki hewani bila kuanguka.

"Hilo ni la kushika," Phelister alisema.

"Ndilo," Nyamai akajibu, akarudisha vinyago katikati.

Kesho yake alikuja Mzee Nzivo, mwenye ploti, na mwavuli wake. Aliingiza ngumi kwenye ufa, ikaenea. Alimtazama Muhonja, aliyekuwa amekaa kitandani akiukabili ukuta.

"Ni huyu anashikilia?"

"Ni yeye, mzee," alisema Walter, mtunzaji wa ploti.

"Sasa shida iko wapi?"

Simiyu alimwambia kwamba nguzo ilijengwa kwa mchanga mwingi kuliko saruji, na kwamba inafaa ijengwe upya. Mzee Nzivo alisema mafundi watakuja mvua ikikatika. Familia mbili zilitoka na magodoro kichwani kutafuta kwingine. Jioni zilirudi zimelowa, zikapita kwa Muhonja kumshukuru.

Phelister alimlisha kwa kijiko. Kuongea aliweza, lakini sentensi ikiwa ndefu, taa ya chumbani iliyumba.

Kabla ya Krismasi Nafula, binti wa Muhonja na Simiyu, aliyekuwa bado hajaanza shule, alishikwa na homa. Zahanati ilikuwa imeishiwa na dawa. Simiyu alimlaza mtoto, amefungwa kwa leso, mapajani mwa mama yake. Joto lilipenya leso.

"Unalo neno la homa," Simiyu alisema. "Nimekuona ukilitumia kwa mchezo."

"Ni la kushika."

"Najua ni la kushika."

Waliusoma ukurasa upya, wakitafuta upenyo. Nyamai aliusoma kwa kidole, kisha akausoma kuanzia chini kwenda juu. Phelister akauliza kama mtu mwingine hawezi kupokea. Walijaribu. Waliweka kikombe cha bati ukingoni mwa stuli, Nyamai akatamka neno la kuzuia na kukisukuma. Kikombe kilianguka. Phelister alitamka, kikaanguka. Simiyu alitamka mara nyingi kuliko wote, kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kuomba, hadi rangi ya kikombe ikabanduka na mpangaji wa chini akaja kuuliza ni nini kinaanguka.

Ilibaki njia moja, watu watoke. Phelister alipita mlango kwa mlango. Wengi walishuka na kusimama uani kwenye mvua, watoto wakiwa chini ya makaratasi ya nailoni. Kisha mwanamume wa orofa ya juu akauliza, "Akiachilia, nyumba itakuwepo?"

"Haitakuwepo," Nyamai alisema.

"Basi si kutoka kwa muda. Mimi nitarudi wapi?"

Walipanda ngazi mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Saado, muuza maziwa, ambaye mama yake mzazi alikuwa amepooza na hata hakushushwa. Alisimama mlangoni.

"Pole, Mama Nafula," alisema. "Mimi pia nina watu."

Simiyu alisubiri mlango ufungwe. "Waachilie," alimwambia mkewe.

Muhonja aliweka mkono kwenye paji la mtoto, akauacha hapo. Taa iliyumba, vumbi likashuka kidogo, na juu yao mtu akasogeza kiti.

"Mpeleke hospitali, Baba Nafula," alisema. "Enda mbio."

Simiyu alimfunika Nafula kwa leso ile akaenda naye kwa miguu, maana barabara ilikuwa imejaa maji na magari hayakupita. Alirudi kesho yake adhuhuri, leso imekunjwa mkononi.

Nyamai alikutana naye mlangoni, akaiona leso. "Ngoja kidogo," alisema. Aliingia, akaweka dadu kwenye kiganja cha Muhonja. Kitabu kilitaja panga na moto tu, lakini walikuwa wameshaielewa kanuni: kupigwa ni kupigwa.

"Sasa mwambie."

"Ametuacha," Simiyu alisema.

Muhonja alitupa dadu. Ilibingirika kufuata mwinamo wa sakafu, ikagota ukutani. Kumi na moja. Wote waliinua macho kutazama dari. Nyumba haikutikisika.

"Aliniita?" Muhonja aliuliza.

"Hapana," Simiyu alisema.

Nafula alizikwa kwao Bungoma, mama yake akiwa amebaki. Gari la maiti liliposimama langoni, Phelister alifunga dirisha ili nyimbo zisiingie. Kuhusu kulia kitabu hakikusema lolote, na hakuna aliyetaka kujua.

Mvua ilikatika, mafundi wakaja. Simiyu alishuka awaonyeshe nguzo. Walimsalimia vizuri, wakampita na mawe yao wakienda juu. Mzee Nzivo alikuwa anaongeza orofa. Simiyu alisimama katikati ya ngazi akakataa kutoka, na mafundi wawili wakambeba taratibu wakamweka kando, kwa sababu walijua amefiwa.

Wapangaji wa kwanza wa orofa mpya walikuwa karani mmoja na mkewe Mukai. Walter aliwapitisha kwanza chumbani kwa Muhonja, kama alivyowapitisha wengine baadaye, waone kwa nini ploti ile ilikuwa imara kuliko za jirani.

"Hachoki?" Mukai aliuliza.

"Amezoea."

Walipanda. Muhonja alipokea uzito wa kitanda, kisha wa jiko, kisha wa gunia la mahindi. Mwisho alimpokea Mukai, aliyekuwa mjamzito, akipanda polepole huku akiegemea ukuta.