Uso wa Mpiga Makasia

Mjinga wa siku ile alikuwa Dalton Skaggs mwenyewe, wala hakusukumwa na mtu. Alisimama kwenye korido, begi begani, baina ya milango miwili, akichagua profesa wa kumwandikia barua ya mapendekezo ya chuo cha udaktari.

Mlango wa kushoto ulikuwa wa Profesa Irena Kuchta wa fiziolojia, aliyemjua mpaka meno. Katika maabara yake Dalton alichomwa kidole kwa somo la makundi ya damu, akaona tone lake mwenyewe, akazirai, akapiga mdomo kwenye meza na kuvunja jino la mbele. Mlango wa kulia ulikuwa wa Profesa Whitcomb Ainsley wa jenetiki, mwenye medali ukutani na wanafunzi mia tatu darasani, ambaye Dalton kwake alikuwa nukta katika safu za nyuma.

Wahenga walishasema asiyekujua hakuthamini. Dalton aliwasikia wahenga vizuri, kisha akabisha hodi mlango wa kulia.

Ainsley hakuinua kichwa. "Jina?"

"Dalton Skaggs, Profesa."

"Liandike hapo. Na utie sahihi kwamba hutaisoma."

Ndiyo desturi ya kule: barua inayokusifu ni mwiko kwako kuiona, ati mwandishi asione haya kusema kweli. Dalton akatia sahihi, akatoka akipiga mluzi.

Barua ilitumwa Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo macho yake yakageuka buluu. Jumamosi akarefuka, suruali zikaishia juu ya vifundo. Jino likaota. Viganja vikajaa malengelenge ya makasia, ingawa hakuwahi kupanda mtumbwi. Alilelewa milimani West Virginia, ambako mto wenyewe unavukwa kwa kukunja suruali. Akaanza pia kukumbuka likizo aliyojitolea katika zahanati huko Peru, na mama mmoja wa huko aliyempa supu. Supu ilizidi chumvi.

Jumapili alipanda basi hadi nyumbani. Mama yake, Loretta, alifungua mlango, akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe nani?"

"Mimi Dalton, mama."

"Basi ingia, unaniingizia baridi. Vua viatu."

Akampakulia maharage na mkate wa mahindi, akakaa kumwangalia akiuvuruga mkate ndani ya bakuli.

"Ulaji ni wa Dalton," akasema mwishowe. "Kwa hilo nimekulisha. Ukija tena, njoo na uso wako."

Jumatatu akaenda kwa Bi Hanlon, mshauri wa wanafunzi wanaoomba udaktari. Kwenye viti vya kungojea walikaa vijana kadhaa wenye macho yaleyale ya buluu na malengelenge yaleyale, na msichana mmoja, naye vivyo hivyo. Wakasalimiana kama watu waliovaa sare.

"Barua ya Ainsley hiyo," Bi Hanlon akasema, akitafuna tofaa. "Aliandika moja, zamani, ya kijana anaitwa Preston, mpiga makasia. Tangu hapo anabadilisha jina tu."

"Na mnamwacha?"

"Mwanangu, uso huo unaingia vyuo vyote. Mwaka jana umeingia mpaka tukachoka kupongeza."

"Umeingia uso. Wenyewe je?"

"Wamefuata nyuma." Akatupa kiini cha tofaa kwenye pipa. "Ukiuvua huo utabaki na nani? Kuchta? Kuchta ataandika kwamba ulizirai."

"Si nilizirai?"

"Haya. Mkaidi hana dawa, hata akisomea udaktari."

Profesa Kuchta alikuwa akiosha vioo vya hadubini. Alimtazama yule mrefu mwenye macho ya buluu, akarudi kwenye vioo vyake.

"Keti, Skaggs."

"Umenijuaje, Profesa?"

"Kila ukiingia humu unaikwepa ile meza. Umeikwepa na leo. Kwa nini hukuja kwangu kwanza?"

"Niliogopa utasema kweli."

"Nitaisema. Nitasema ulianguka kama gunia la viazi. Nitasema kesho yake ulirudi na pamba mdomoni, hujaitwa, ukatoa kidole kingine. Wanaweza kukukataa kwa hayo."

"Wamkatae Skaggs, basi. Preston anakubaliwa kila mwaka, na mimi sijafaidi kitu."

Kuchta akakausha mikono, akaandika. Alipomaliza akamgeuzia karatasi aisome, bila kujali ule mwiko, kisha akaituma. Jioni ile suruali zilimfika Dalton tena vifundoni. Usiku akitafuna karanga, jino likakatika palepale lilipokatika kwanza. Akaliokota, akalitia mfukoni, akaendelea na karanga. Peru ikafutika, supu yake na chumvi yake. Asubuhi lilibaki jicho moja tu la buluu, kwa kuwa barua ya Ainsley ilikuwa bado iko huko ilikopelekwa.

Akarudi kwenye mlango wa kulia. Foleni ya wanafunzi ilifika hadi kwenye ngazi, kila mmoja na kalamu yake. Dalton akawapita, wakamzomea, akaingia.

"Nimekuja uiondoe barua yangu, Profesa."

Ainsley aliendelea kutia sahihi. "Hakuna aliyewahi kuomba hivyo."

"Mimi naomba."

"Umeshakataliwa popote?"

"Bado."

"Basi unalalamikia nini? Kijana, nimewatoa humu madaktari wa kujaza hospitali nzima."

"Umemtoa mmoja, Profesa. Umemtoa mara nyingi."

Nje foleni ilisogea hatua. Msichana wa mbele alikuwa ameshachungulia, kalamu imefunguliwa tayari. Ainsley akaweka kalamu yake chini, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

"Una habari jina langu linafungua milango mingapi?"

Dalton akatabasamu, pengo likaonekana lote.

"Ninayo, Profesa. Sasa nitajie langu."