Baba Wawili, Nafasi Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota ninazozana na fomu, na niseme mapema kwamba fomu ndiyo iliyoanza.

Ni fomu ileile ninayolala nayo chini ya mto, wiki ya tatu sasa: ya kuiomba serikali ya hapa Marekani inisaidie ada. Chuo cha uuguzi kimeshanikubali. Barua yao nimeibandika kwenye friji, na Baba huisoma kila akifuata maji, ingawa Kiingereza chake ni cha kiwandani, cha kuku na visu. Bila msaada huo barua itakaa hapo mpaka igeuke rangi, na mimi nitakwenda kukata kuku pamoja naye. Fomu inatakiwa Ijumaa. Maswali yote nimejibu, limebaki moja, la kumi na tisa. Linauliza kama wazazi wangu wako hai; kama ni marehemu, weka alama kisandukuni.

Utadhani ni swali jepesi. Baba yangu, Byaombe, yuko hai na anakoroma chumba cha pili. Lakini aliyenizaa ni kaka yake, Etabo, na huyo alikufa pamoja na mama yangu kule kwetu Fizi, wakati wa vita, kabla sijaota meno. Byaombe alinibeba mgongoni, akamshika bibi, mama yao, mkono, wakavuka ziwa, na kambini Kigoma akaniandikisha kuwa mwanawe. Kwetu Wabembe mtoto wa ndugu yako ni wako, maneno yameishia hapo. Hakuwahi kuniambia. Nilikuja kusikia nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa mama mmoja wa kwaya asiyejua kufunga mdomo, na mimi nikanyamaza vilevile. Bibi alifia kambini, tukabaki wawili, na mpaka leo tunafichana jambo lilelile.

Bi Pruitt, mshauri wetu wa shule, alitueleza kwamba yatima hupewa msaada wote, na wenye wazazi hupimwa kwa mshahara wa wazazi. Aliliambia darasa zima, lakini mimi nilihisi ananiangalia mimi. Kuweka alama pale ni kumwambia Baba machoni kwamba si baba yangu, na kutoweka ni kuaga chuo. Ndiyo maana nilikuwa nimeikunja na kuikunjua ile karatasi mpaka ikalegea.

Basi nimelala, na mara nipo jikoni. Fomu inanyanyuka mezani, inakohoa, inaomba kiti. Inasema mgongo unaiuma kwa kukunjwa. Naiomba radhi, maana nimelelewa, naisogezea kiti.

"Wabiwa," inasema, "baba yako ni marehemu au si marehemu?"

Naiambia inategemea baba yupi.

"Nafasi ni moja. Weka alama, kuna watu wananisubiri."

Naweka alama. Marehemu. Kwa mkono wangu huuhuu.

Jiko linaondoka. Tuko kwenye maegesho ya magari nje ya nyumba zetu za kupanga, turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa juu ya lami, na akina mama wa kanisa wanalia kwa zamu. Nauliza nani amefariki. Wananitazama kama nimewatukana. Na hapo, jamani, namwona Baba. Amevaa aproni yake nyeupe ya kiwandani na buti za mpira, anapanga viti vya plastiki, kwa sababu Baba hajawahi kukaa bure kwenye msiba wa mtu. Anapita na trei ya chai, anawapa watu pole mmoja mmoja. Kisha anainama kwa mzee wa kanisa na kumuuliza kwa chini huu msiba ni wa nani, asije akaonekana hana adabu.

"Ni wako," anaambiwa.

"Aa," anasema Baba. Anafikiri kidogo. "Na chai yangu mbona haina sukari?"

  Naikimbilia fomu, nayo imeketi mstari wa mbele na leso mkononi, naiambia inifutie, nimekosea, aliyekufa si huyu. Inasema alama ya wino haifutwi, imeandikwa kwenye maelekezo, ukurasa wa pili, na kama sikusoma hilo ni langu. Halafu inadai cheti cha kifo. Na cheti cha kifo, inasema, mhusika hukifuata mwenyewe.

Baba anavua aproni, anaikunja vizuri. Ananiambia twende kabla hawajafunga. Ndivyo alivyo: ukimwambia karatasi inatakiwa, hakuulizi ya nini, anakwenda kupanga foleni.

Tunakata kona ya maegesho na lami inakwisha. Chini ni vumbi jekundu. Tumefika kambini, tena siku ya mgao, na foleni ni ndefu, watu wameshika ndoo na mifuko mitupu, na wengine nawajua, tuliwazika. Wananisalimia kwa kawaida kabisa na kuniuliza Amerika kuna baridi kiasi gani. Nawajibu. Sijui kwa nini nawajibu.

Dirishani amekaa Bi Pruitt, miwani puani, mkononi ana kile chuma cha kutobolea kadi. Kambini kila ukipokea unga kadi yako ilitobolewa tundu moja, ili usirudi mara ya pili. Anaongea Kiswahili cha kwetu Fizi, safi, na hakuna anayeshangaa isipokuwa mimi.

"Huyu ni nani wako?" anamuuliza Baba.

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

Baba anaikunja aproni yake upya.  Ndipo kadi yetu ya mgao, ile iliyotobolewa mpaka ikawa kama chujio, inapotoa kichwa kwenye mfuko wa shati lake na kujibu badala yake. Inasema iliandikwa watu watatu: kijana, mama yake mzee, na mtoto mwenye homa aliyefungwa mgongoni kwa shuka la buluu. Inasema karani alipouliza mtoto ni wa nani, kijana alisema wangu kabla swali halijaisha. Inasema yenyewe imekaa na habari hiyo miaka kumi na saba na haijaona kosa lake.

Bi Pruitt anasema, bila ubaya wowote, kwamba si hilo aliloliuliza.

Baba ananigeukia. Hajawahi kuniangalia hivi tangu nizaliwe.

"Waandike tu nimekufa," anasema. "Usome. Mimi nitazoea."

Nilikuwa nimeshamwona akigawa chai kwenye msiba wake mwenyewe, lakini hili ndilo lililonipasua. Nalia kwa sauti, pale foleni, mbele ya wafu na walio hai, na nina hasira naye. Namwambia sitaki azoee. Namwambia kwamba najua habari za Etabo, nimezijua miaka mitano, na sikusema kwa sababu niliogopa akijua ninajua ataacha kuniita mwanangu. Maneno yote yananitoka kwa mkupuo.

Nyuma yetu mtu anagonga kigoda chake chini. Ni kijana, hajafika miaka thelathini, na pua aliyonayo ni yangu. Pua yangu kabisa, kwenye uso wa mwanamume. 

"Byaombe," anasema, "toka kwenye nafasi yangu."

Baba, mwenye mvi, anamwita kaka. Etabo hatukani, hapandishi sauti. Anaeleza tu kwamba amepanga foleni hii miaka kumi na saba akingoja mtu aandike mahali kwamba amekufa, kila mwaka anasogea hatua moja na kigoda chake, na leo anakaribia dirisha anamkuta mdogo wake ameshaandikwa.

"Kifo ni changu," anasema. "Wewe ulipewa mtoto. Usichukue vyote."

Baba anaomba radhi na kumpisha. Fomu inajilaza chini, wazi, na kile kisanduku cha swali la kumi na tisa kina upana wa mlango. Etabo anainamisha kichwa, anaingia, anaweka kigoda chake na kukaa. Anaenea vizuri. Kabla hajatazama pembeni ananitazama mimi mara moja, kwa aibu kidogo, kama mgeni aliyekuta watu wanakula. Bi Pruitt anainama na kile chuma, anaitoboa fomu pembeni, ka! Kiduara cha karatasi kinaruka na kumwangukia Baba kichwani.

"Na mimi," anauliza Baba, "nikae wapi?"

Fomu inajigeuza mbele, inajigeuza nyuma, inajitafuta. Kwa mara ya kwanza inaona haya. Inasema haina.

Nikaamka, jua limeshaingia dirishani. Nikapapasa chini ya mto. Hakuna kitu.

Baba alikuwa jikoni, miwani usoni, chai mbele yake, na fomu ameinyoosha juu ya meza. Swali la kumi na tisa lilikuwa tupu kama nilivyoliacha. Lakini pembeni yake palikuwa na tundu, dogo, la mviringo, lisilo na mkwaruzo.

"Nimeota upuuzi," alisema, hakuinua macho. "Nimekufa, halafu chai ya msiba haina sukari."

 Nilikuwa namtazama kichwani. Kwenye mvi zake, juu kidogo ya sikio, palikuwa na kiduara cheupe cha karatasi. Nikanyoosha mkono, nikakitoa, nikakiweka juu ya lile tundu. Kikaenea. Tulikitazama wote wawili.

"Ana pua yako," alisema Baba. Kisha akanisogezea kalamu. "Mwandike jina lake lote, Etabo Mlondani. Amengoja sana."

Nikamuuliza, na yeye je.

"Mimi niko hapa, mwanangu. Nakunywa chai."

Nikaliandika jina, nikaweka alama, kisha nikainua macho haraka kumwangalia. Alikuwa bado yupo, anatia kijiko cha tatu cha sukari.