Vidonge vya Emosi na Binamu Yake

Saratani ya utumbo ilishamzoea Emosi. Dawa za dripu za kwanza hazikuifanya kitu, za pili nazo vilevile, ndipo madaktari wa pale Brisbane wakasema wajaribu kumchanganyia dripu na vidonge vya kisukari, huenda ikalegea. Emosi mwenyewe hana kisukari. Mwenye nacho ni Waisake, mtoto wa mjomba wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana kwetu Wafiji binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka kaburini, na akikuomba kitu humnyimi. Ukimnyima, uso utauficha wapi? Sasa Waisake, mvivu wa kliniki kupindukia, aliishiwa vidonge vyake, akaliona kopo mezani kwa Emosi.

"Binamu, naomba hivyo. Wewe sukari unayo ya chai tu."

"Chukua, litumbo wewe! Usije ukanifia hapa, jeneza la kukutosha nitalitoa wapi?"

Basi wiki tatu nzima wakagawana, kimoja huku, kimoja kule.

Siku ya dripu Waisake ndiye aliyempeleka hospitali. Nesi Colleen akahesabu vidonge vilivyobaki, akaridhika.

"Tumbo halikusumbui, Emosi? Vidonge hivi huwaharisha wengi."

"Aa wapi!" Waisake akadakia. "Mimi nimeshavizoea."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaenda, akarudi na daktari.

Daktari hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nusu dozi si dozi, na ikitokea tena atamtoa Emosi kwenye majaribio, na dawa nyingine ya kumpa hana. "Akikuomba, mwambie hapana," akamaliza, akaondoka zake.

Mwambie hapana! Rahisi kweli kwa mtu asiye na binamu. Emosi aliogopa, tena aliogopa sana.

"Binamu," akasema, "nina ombi."

"Omba. Hata figo, ila ujue ina mafuta."

"Naomba usiniombe tena vidonge. Nataka kuishi."

Ombi ni ombi, halikataliwi. Waisake akakunja viganja, akapiga makofi matatu mazito ya kupokea ombi kwa desturi yetu, machozi yakimtiririka bila aibu. Halafu akamgeukia nesi, akauliza kwa sauti ndogo kliniki ya kisukari iko ghorofa ya ngapi.