Lengo la Saba: Kuwasha Moto

Wasomi wakianza kubishana juu ya malengo ya shahada, we acha tu! Asubuhi nzima iliishia kwenye lengo la saba, chai ikapoa vikombeni, na mwenyekiti wa idara ya maliasili akabaki ameshika tama.

"Tuandike 'mhitimu aeleze matumizi ya moto msituni', inatosha," alisema. "Mtoto wa watu akiungua, nani atamjibu mzazi?"

"Mume wangu alieleza," mwalimu wa moto akamkatiza. "Alieleza mpaka akaongoza darasa. Siku ya kwanza kazini akatumwa kuchoma nyasi kando ya msitu, na hajawahi kushika kienge cha moto maishani mwake. Si mlikuja kumzika?"

Basi lengo likapita alivyotaka yeye: mhitimu awashe moto wa kinga, ule wa kuchoma nyasi kando ya msitu, kwa mkono wake na auzime, asiyewasha amefeli.

"Na binti yako yumo darasani humo," mwenyekiti alimkumbusha mlangoni, kwa upole.

"Najua, nilimzaa mimi!"

Alijibu kwa ukali, lakini roho ilikuwa juu. Mume alimwachia mtoto huyo mmoja tu.

Siku ya mtihani basi la chuo liliwashusha kando ya msitu wa misonobari, kila mmoja na bomba lake la maji mgongoni. Mbele yao nyasi zilikuwa zimekauka mpaka zinalia zikikanyagwa. Mwalimu akamwita bintiye awe wa kwanza, wasije wakasema anambeba.

Binti akashika kienge, kikawashwa. Badala ya kuinama, akachota vumbi akalirusha hewani. Akarusha tena.

"Mwalimu, siwashi."

"Ee, mtoto wa mama!" mmoja akachokoza, wenzake wakaangua kicheko.

Mwalimu aliona aibu, na aibu ikampandisha hasira. "Washa!"

"Upepo umegeuka. Moto ukishika tu, unatujia sisi."

"Nimesema washa! Unataka kufeli mbele ya watu?"

"Basi nifelishe, mama."

Kienge akakisokomeza mchangani mpaka kikafa.

Hapo ndipo mwalimu alipochota vumbi mwenyewe. Lo! Likamrudia usoni, likamjaa machoni. Nyuma yake walikuwa wanafunzi wote na basi lao, na nyasi zimewazunguka pande tatu. Miaka yote hiyo amepigana kufa na kupona ili mtoto wa mtu asiungue, na leo ndiye aliyekuwa akimsukuma wa kwake motoni, kisa anaogopa maneno ya watu.

"Rudini garini," alisema. "Wote, sasa hivi."

Mwenyekiti akapiga simu wakiwa njiani. "Haya, wangapi wamewasha?"

"Hakuna."

"Hakuna? Basi kwa lengo lako mwenyewe, darasa zima limefeli."

Mwalimu akaiondoa simu sikioni. Binti, aliyekaa naye kiti kimoja, akaichukua simu mkononi mwake taratibu. "Shikamoo, mwenyekiti. Mwalimu atakupigia baadaye."

Kisha akamvuta mama yake begani. Mama akalia jinsi ambavyo hakulia hata siku ya mazishi, darasa zima likimsikia, na wale waliocheka wakatazama dirishani.